Refa hafungi bao: Soma hili wewe uliyepewa ufunguo wa seva

UKISHUKA matatu Ngara jioni, hutakosa mahali pa kucheza geimu. Kuna vibanda vya PlayStation ambako vijana hulipia mechi na kelele haziishi. Kuna saiba zinazochapisha barua za kuomba kazi mchana, na jua likitua zinageuka uwanja wa vita. Na kuna wewe, msomaji wetu, uliyekaa kiti cha nyuma ukibonyeza simu huku ukisubiri gari lijae.

Leo tuache geimu za picha kidogo. Tuzungumze kuhusu michezo ya maandishi matupu, ile ambayo unaandika "nenda kaskazini" na mchezo unakujibu kwamba umefika pangoni, giza limetanda, na kuna jitu linakukodolea macho. Humo mko wengi kwa wakati mmoja. Mnapiga gumzo, mnauziana silaha, mnapigana, mnaungana kumwangusha adui.

Michezo hii hufahamika kama MUD. Wa kwanza uliandikwa mwaka 1978 katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, na mwanafunzi Roy Trubshaw, kisha mwenzake Richard Bartle akauendeleza. Tangu siku hizo za mwanzo kulikuwa na cheo cha pekee: mchezaji aliyekusanya alama za kutosha alipandishwa kuwa mchawi, akapata nguvu ambazo wenzake hawakuwa nazo.

Utasema hiyo ni kitu ya wazee. Ngoja kwanza.

Mchezo wa maandishi hauli bando. Unaweza kucheza usiku kucha kwa data ambayo video moja ingeimaliza. Hauhitaji simu ya bei wala kompyuta yenye kadi ya michoro. Kijana asiyeona anaucheza sawa na mwenzake anayeona, kwa sababu programu ya kusoma skrini inamsomea kila neno, na ndiyo maana wachezaji wasioona ni wengi katika michezo hii duniani. Tena msimbo wake unapatikana bure. Mwaka 1993 Jeremy Elson, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani, alitoa CircleMUD, iliyojengwa juu ya DikuMUD kutoka Chuo Kikuu cha Copenhagen, Denmark. Kijana anayesomea kompyuta anaweza kuipakua leo, akaiweka kwenye kompyuta kuukuu, na kesho akawa na ulimwengu wake.

Hapo ndipo mambo huanza.

Ukiiwasha CircleMUD kwa mara ya kwanza, mhusika wa kwanza kabisa kuundwa hupewa daraja la 34, la juu kuliko yote. Mchezaji wa kawaida hutoka jasho hadi daraja la 30 na kuishia hapo. Kuanzia 31 kwenda juu ni wasimamizi, ambao kwa lugha ya mchezo huitwa wasiokufa. Wewe hukupigania cheo hicho. Ulifika wa kwanza tu.

Na cheo chenyewe si cha mchezo. Unaweza kuruka hadi chumba chochote papo hapo. Unaweza kuumba upanga kutoka hewani. Unaweza kumgandisha mchezaji asifanye lolote, au kumlazimisha atekeleze amri ambayo hakuiandika. Unaweza hata kutazama kila kinachopita kwenye skrini yake, pamoja na anayoambiwa kwa siri na rafiki yake, na yeye asijue kwamba upo.

Msimamo wetu ni huu: yeyote anayeshika ufunguo kama huo awe na wahusika watatu walio mbalimbali. Mmoja wa kazi ya usimamizi, mmoja wa majaribio, na mmoja wa kucheza kama watu wengine. Na hao watatu wasisaidiane hata siku moja.

Tuanze na sababu ya kiufundi, maana wengi hudhani hili ni suala la maadili peke yake.

Chukulia umebuni eneo jipya. Umelipa jina la mtaani: mchezaji anaanzia mzunguko wa Globe, anapita Ngara Market katikati ya rundo la mitumba, anapenya vichochoro hadi Pangani, na huko kuna jitu limelalia hazina. Unataka kujua kama eneo linachezeka. Unaingia na mhusika wako wa daraja la 34 na kulivamia jitu. Linakupiga, hudhuriki. Unalipiga, linakufa. Unasema fiti, unafungua eneo.

Kumbe hukujaribu chochote. Ndani ya msimbo wa CircleMUD kuna mstari unaouliza kama anayepigwa ni wa daraja la 31 au zaidi. Kama ndiye, pigo linafanywa sufuri. Kile chumba ulichokitega ili aingiaye afe, wewe kinakupisha. Wewe huoni njaa wala kiu. Unaweza kuwasha uwezo wa kuona gizani na kuuacha hivyo milele, ukasahau kabisa kwamba kuna wanaohitaji taa.

Asubuhi anaingia mchezaji wa daraja la tano. Hatua ya pili amekufa, na vitu alivyokusanya mwezi mzima vimebaki ndani ya maiti yake, mahali ambapo hawezi kufika tena bila kufa upya. Anakuandikia kulalamika. Unamjibu kwamba ulijaribu ukaona kila kitu kiko sawa. Na hudanganyi! Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na katika mchezo huu methali hiyo imeandikwa ndani ya msimbo.

Dawa yake ni mhusika wa majaribio. Eneo likiwa la daraja la 10, unda mhusika wa daraja la 10. Mpe silaha ambazo mchezaji wa kiwango hicho huwa nazo, si zaidi. CircleMUD ina aina nne za wahusika, yaani mchawi, kuhani, mwizi na mpiganaji, kwa hivyo jaribu na kila mmoja, kwa kuwa mlango unaomshinda mpiganaji huenda mwizi akaufungua kwa waya. Tembea ukisoma maelezo kama mgeni. Andika alikufa wapi, alikwama wapi, alipata nini. Rekebisha, kisha rudia.

Hiyo ndiyo kazi ya msimamizi. Haina sifa, inachosha, na wachezaji hawataiona. Wataona tu kwamba mchezo wako ni mtamu.

Sasa tuje kwenye majaribu ya aina nyingine, yale ya moyo.

Mhusika wa majaribio alipewa upanga ili upimwe makali. Majaribio yameisha, upanga umebaki mkononi. Jioni rafiki yako wa Park Road anakwama vitani na kukuomba msaada. Mhusika wako wa kawaida ni dhaifu, basi unaingia na yule wa majaribio, mara moja tu. Wiki ijayo unamwazima rafiki yule upanga. Mwezi ujao upanga unauzwa sokoni ndani ya mchezo, na aliyetumia wiki mbili kuutafuta wake kwa haki anagundua kwamba bei imeanguka.

Hakuna aliyekaa chini kupanga wizi. Ila mchezo umeibwa.

Wachezaji wakishagundua, hawaandamani wala hawaandiki waraka. Wanaacha tu kuingia, mmoja mmoja. Siku moja unawasha seva unajikuta peke yako, mungu wa ulimwengu usio na watu.

Ndiyo sababu michezo mingi ya aina hii iliyodumu ina sheria kali kwa wasimamizi wake. Msimamizi haruhusiwi kumsaidia mhusika wake wa kucheza. Majaribio hufanyiwa kwenye seva ya pembeni, ambako kitu kilichoumbwa hakiwezi kuvuka kuingia mchezo wenyewe. Hata CircleMUD yenyewe, msimamizi akitumia amri ya kumlazimisha mchezaji kufanya jambo, tukio hilo huandikwa kwenye rekodi pamoja na jina lake. Na ikiwa unawaza kuuza panga hizo kwa pesa za M-Pesa, jua kwamba leseni ya awali ya DikuMUD ilikataza mtu kupata faida kwa njia yoyote kutokana na programu hiyo.

Tunajua kuna atakayesema: lakini seva ni yangu, stima nalipa mimi, bando natoa mfukoni mwangu. Mbona nisifaidi?

Swali hilo ni halali. Mwenye uwanja ana haki ya kufunga geti akitaka. Ana haki ya kusema leo hakuna mechi. Lakini akishawaita watu, wakavaa jezi, yeye akachukua kipenga, hawezi tena kufunga bao. Akitaka kucheza, ampe mwingine kipenga na avae jezi kama wenzake, apigwe viatu kama wenzake. Wachezaji wamekupa saa zao za usiku, na hakuna seva inayoweza kuwarudishia.

Na kuna atakayesema: wacheni hizo, ni mchezo tu.

Huyo tunamkumbusha LambdaMOO, ulimwengu wa maandishi ulioanzishwa na Pavel Curtis, mtafiti wa kampuni ya Xerox huko California, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wasimamizi wake pia waliitwa wachawi. Desemba 1992, Curtis alitangaza kwamba wachawi wamechoka kuamua ugomvi wa watu. Kuanzia hapo wangeshughulikia mitambo tu, na wachezaji wajitawale.

Mwaka 1993 mchezaji aliyejiita Mr. Bungle akatumia programu ndogo iliyofanya wahusika wa wenzake waonekane wakitenda mambo ya aibu ya kingono bila hiari yao. Maneno tu kwenye skrini, lakini waliotendewa walikuwa watu walioketi makwao, na waliumia. Mwanahabari Julian Dibbell aliandika kisa hicho katika gazeti la Village Voice Desemba mwaka huo, na hadi leo kinasomwa vyuoni. Wachezaji walikutana wakajadili hadi usiku wa manane bila kuafikiana. Baadaye msimamizi mmoja, kwa uamuzi wake mwenyewe, akamfuta mkosaji kwenye mchezo.

Wengi waliona amestahili. Lakini swali lilibaki: ikiwa mtu mmoja anaweza kumfuta mwenzake kwa amri moja bila utaratibu wowote, kesho atamfuta nani? Curtis akaunda mfumo wa maombi na kura. Mwaka 1996 wasimamizi wakarudi wakakiri kwamba haiwezekani kutenganisha kabisa mitambo na maisha ya watu walio ndani yake.

Funzo ni kwamba ukishika ufunguo, hata ukikaa kimya umeamua. Afadhali utaratibu uandikwe mapema, kabla ya ugomvi, kuliko kubuniwa watu wakiwa na hasira.

Huko ni mbali, utasema. Basi turudi hapa nyumbani.

Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu ya Kenya chini ya Jaji Mkuu David Maraga ilibatilisha uchaguzi wa urais wa Agosti 8. Majaji wanne waliunga mkono uamuzi huo, wawili wakapinga. Miongoni mwa mambo yaliyoizungumzisha nchi ni seva za tume ya uchaguzi IEBC. Mahakama ilikuwa imeagiza walalamishi waruhusiwe kuzikagua, kutazama tu bila kugusa, pamoja na rekodi za walioingia kwenye mfumo. Katika hukumu yake ya kina iliyotolewa Septemba 20, ilieleza kwamba tume haikutii agizo hilo kikamilifu.

Siku chache baada ya uchaguzi kubatilishwa, barua ya ndani ya mwenyekiti Wafula Chebukati ilifika kwa vyombo vya habari. Humo aliuliza mbona akaunti iliundwa kwa jina lake bila yeye kujua, ikatumiwa kufanya shughuli zaidi ya 9,000 kwenye mfumo.

Hatulinganishi kura za Wakenya na panga za kubuni, wala si kazi yetu hapa kuamua nani alikosea wapi. Tunachosema ni kwamba maswali ni yale yale. Nani aliingia? Aliingia kwa jina la nani? Alipewa ruhusa ya kufanya nini, na alifanya nini? Rekodi iko wapi, na nani anaweza kuisoma bila kuigusa? Taifa zima liliuliza maswali hayo mwaka 2017. Kijana aliyewahi kusimamia mchezo wa watu ishirini kwa uadilifu anayajua majibu yake kwa vidole.

Wataalamu waliliona hili zamani. Mwaka 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder wa chuo cha MIT waliandika kwamba kila programu na kila mtumiaji apewe ruhusa chache kabisa zinazomtosha kumaliza kazi yake. Ndiyo maana anayetumia Linux hufundishwa kufanya kazi kwa akaunti ya kawaida, na kuomba mamlaka makubwa pale tu anapoyahitaji, kisha kuyaachia.

Sheria yetu nayo haijanyamaza. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inamtoza anayeingia bila idhini kwenye kompyuta ya mwingine faini isiyozidi Sh5 milioni, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Sheria hiyo hiyo inamtaka mfanyakazi anayeacha kazi arudishe nywila na ruhusa zote za mfumo wa mwajiri mara moja. Na kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya mawasiliano ya kila mtu. Ile amri ya kuchungulia skrini ya mchezaji haikuja na kibali cha kuruka Katiba. Ukiiacha iwe inatumika, wachezaji waambiwe tangu siku wanayojisajili, na isitumiwe ila kwa sababu inayoandikwa.

Kwa nini tunalisema hili kwa vijana wa Ngara? Kwa sababu hapa ndipo mnapojifunzia. Mtaa huu uko hatua chache kutoka katikati ya jiji na umejaa wanafunzi. Wengi wenu mtaajiriwa kusimamia mifumo ya hospitali, Sacco, shule na kaunti. Siku ya kwanza kazini mtakabidhiwa nywila ambayo inaweza kufuta mshahara wa mtu au kubadilisha alama ya mtoto. Hakuna mtihani utakaowauliza kama mmezoea kujizuia. Mazoea hayo hujengwa mapema, mahali ambapo kosa linagharimu upanga wa kubuni na si maisha ya mtu.

Kwa hivyo tunaomba mambo manne.

Walimu wa kompyuta vyuoni, msifundishe mwanafunzi kuwasha seva tu. Mfundisheni kuigawa ruhusa. Mchezo wa maandishi ni darasa la bei nafuu: mpeni kila mwanafunzi zamu ya kuusimamia, kisha msome pamoja rekodi ya aliyoyafanya.

Wenye saiba, kama kila mteja anaketi kwenye kompyuta iliyofunguliwa kwa akaunti ya msimamizi, badilisheni leo. Tengenezeni akaunti ya mteja isiyoweza kusakinisha wala kufuta. Kisha jaribuni wenyewe kuitumia, mwone kama inafanya kazi aliyolipia.

Wachezaji, ulizeni. Mkijiunga na mchezo wowote, mna haki ya kujua wasimamizi ni nani, wanacheza kwa majina gani, na malalamiko yanapelekwa kwa nani ikiwa analalamikiwa msimamizi mwenyewe. Asiyetaka kujibu amewajibu.

Na wewe mwenye ufunguo, andika sheria zako ukurasa mmoja na uzibandike mlangoni pa mchezo. Tafuta msimamizi wa pili ambaye si rafiki yako wa karibu, awe anasoma rekodi zako kila wiki. Taja hadharani jina la mhusika wako wa kucheza. Wahusika wa majaribio wapewe majina yanayojulikana, wasiuze, wasiazime, wasijiunge na kikosi chochote, na kazi ikiisha wafutwe na mali yao yote.

Huhitaji pesa wala ruhusa ya mtu kuanza. Leo jioni, kabla hujawafungulia watu, acha daraja lako la 34 lipumzike. Unda mhusika wa daraja la kwanza, usimpe kitu, umtoe mlangoni Globe na njaa yake. Kisha mfuate taratibu, uone atafika wapi.